Enrico Fermi: Mwanasayansi Aliyekubali Kusahihishwa

Mwanafunzi, huenda jina la Enrico Fermi umekutana nalo katika mada ya nishati ya nyuklia, kwa kuwa ndiye aliyeongoza ujenzi wa kinu cha kwanza cha nyuklia duniani. Wanafunzi wengi huishia hapo. Katika somo hili utasoma maisha yake kwa upana zaidi, pamoja na kazi aliyoifanya katika miaka yake ya mwisho, alipochunguza yale yanayotokea chembe zinapogongana kwa nishati kubwa mno. Soma polepole. Ukikutana na tarehe, jiulize tukio hilo lilisababishwa na nini na lilileta matokeo gani. Ukifanya hivyo hutahitaji kukariri.

Utoto na masomo

Fermi alizaliwa Roma, mji mkuu wa Italia, tarehe 29 Septemba 1901. Baba yake, Alberto, alikuwa ofisa wa reli, na mama yake, Ida, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walizaliwa watoto watatu: Maria, Giulio na Enrico, aliyekuwa kitinda mimba. Enrico na Giulio walipishana mwaka mmoja tu, wakawa chanda na pete. Walicheza pamoja na walijitengenezea mota za umeme kwa mikono yao. Mwaka 1915 Giulio alifariki dunia akifanyiwa upasuaji mdogo wa koo. Enrico alikuwa na umri wa miaka 13. Msiba huo ulimwacha mpweke, naye akajifariji kwa kusoma.

Katika soko la Campo de' Fiori alinunua kitabu cha zamani cha fizikia, chenye kurasa zipatazo 900, kilichoandikwa kwa Kilatini. Alikisoma chote. Mhandisi mmoja aliyefanya kazi na baba yake, Adolfo Amidei, alitambua kipaji cha kijana huyo akaanza kumwazima vitabu vya hisabati na fizikia, kimoja baada ya kingine, kuanzia vyepesi hadi vigumu. Angalia hapa: Fermi hakupata maarifa kwa miujiza. Alikuwa na kiu ya kujua, na alipata mtu mzima aliyemwongoza kwa mpangilio.

Mwaka 1918 alifanya mtihani wa kuingia chuo mashuhuri cha Scuola Normale Superiore mjini Pisa. Alitakiwa kueleza sifa za sauti. Aliandika maelezo ya kihisabati kuhusu ufito unaotikisika, kwa kiwango kilichomshangaza msahihishaji. Julai 1922 alipata shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka 20.

Kazi yake Roma

Mwaka 1926 Fermi alieleza jinsi ya kuhesabu tabia ya chembe nyingi za aina ya elektroni kwa pamoja, ikizingatiwa kwamba chembe mbili za aina hiyo haziwezi kukaa katika hali moja. Mwingereza Paul Dirac alifikia matokeo hayohayo kivyake, ndiyo maana kanuni hizo hubeba majina ya wote wawili. Chembe zinazozifuata huitwa fermioni. Protoni, nyutroni na elektroni zote ni fermioni. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1928 alimwoa Laura Capon, nao wakapata watoto wawili, Nella na Giulio. Bila shaka umetambua jina la mtoto wa pili lilitoka wapi.

Mwaka 1934 Fermi na wenzake vijana walianza kurushia nyutroni kila elementi waliyoweza kuipata. Waligundua kwamba nyutroni zikipita kwanza katika nta ya parafini au maji, hupungua kasi na kunaswa kwa urahisi zaidi na viini vya atomu. Ugunduzi huo ndio msingi wa vinu vingi vya nyuklia vya leo.

Kosa la urani

Walipofikia urani, elementi namba 92, walipata vitu vipya vyenye mnururisho. Walidhani wametengeneza elementi mpya, namba 93 na 94. Mwaka huohuo mkemia wa Ujerumani, Ida Noddack, aliandika kwamba huenda kiini cha urani kilikuwa kimevunjika vipande. Hakuna aliyemsikiliza, hata Fermi mwenyewe.

Tarehe 10 Desemba 1938 Fermi alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia mjini Stockholm, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hizo elementi mpya. Siku chache baadaye, Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin walipata bariamu katika urani iliyopigwa nyutroni. Bariamu ni elementi namba 56, kwa hiyo isingeweza kupatikana bila kiini cha urani kupasuka. Noddack alikuwa amesema kweli. Hotuba ya Nobel ya Fermi ilipochapishwa, yeye mwenyewe aliongeza tanbihi kueleza kwamba ugunduzi huo mpya unalazimisha matokeo yake yachunguzwe upya. Kumbuka tanbihi hiyo, kwa maana tutairudia.

Uhamishoni, kinu na bomu

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Laura alitoka katika familia ya Kiyahudi. Kwa hiyo safari ya kwenda kupokea tuzo iligeuka kuwa safari ya kuihama nchi. Kutoka Stockholm familia haikurudi Roma. Ilifika New York kwa meli tarehe 2 Januari 1939.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Fermi aliongoza ujenzi wa kinu cha kwanza cha nyuklia katika Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo. Kilikuwa rundo la matofali ya grafiti na urani. Tarehe 2 Desemba 1942, alasiri, mnyororo wa mipasuko ya viini ulijiendesha wenyewe kwa mara ya kwanza kwa mikono ya binadamu, kisha ukazimwa kwa usalama.

Kazi hiyo ilielekea kwenye bomu. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomu lilipojaribiwa katika jangwa la New Mexico, Fermi alidondosha vipande vya karatasi wakati wimbi la mlipuko lilipompitia. Alipima kwa hatua umbali ambao karatasi zilisukumwa, akakadiria kwamba nguvu ya mlipuko ilikuwa sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha kiasi cha mara mbili ya hapo. Kwa karatasi chache mkononi, alikuwa amekaribia sana. Wiki tatu baadaye mabomu yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki, na watu wengi mno wakaangamia. Mwaka 1949 Fermi na Isidor Rabi waliishauri serikali ya Marekani isitengeneze bomu la haidrojeni, wakilipinga kwa misingi ya maadili. Hata hivyo, serikali ilipoamua kuendelea, Fermi alishiriki katika baadhi ya mahesabu yake. Ukiulizwa kuhusu uwajibikaji wa mwanasayansi, eleza pande zote mbili.

Swali la mwaka 1950

Baada ya vita Fermi alirudi Chicago kufundisha na kuchunguza chembe zilizo ndogo kuliko kiini. Ili uelewe swali lililomshughulisha, kumbuka mambo mawili. Kwanza, nishati inaweza kugeuka kuwa maada, kama Einstein alivyoonyesha. Pili, mwaka 1947 kikundi cha Cecil Powell mjini Bristol kiligundua pioni, chembe ambayo Mjapani Hideki Yukawa alikuwa ameitabiri mwaka 1935. Tungamo la pioni ni takriban sehemu moja ya saba ya tungamo la protoni.

Wanasayansi walikuwa wameona kwamba protoni iendayo kasi sana kutoka angani ikigonga kiini cha atomu, chembe nyingi huchomoza kwa mara moja, na wingi wake ni pioni. Je, zitatokea pioni ngapi? Hakuna aliyeweza kukokotoa, kwa kuwa kani inayofanya kazi ndani ya kiini ina nguvu mno kwa mbinu za hisabati za wakati huo.

Fermi alifanya kama alivyofanya na zile karatasi: alikadiria. Alichukulia kwamba katika mgongano nishati yote hubanwa katika nafasi ndogo sana, yenye upana wa kiasi cha mita 10⁻¹⁵. Humo, alisema, nishati hugawanywa kwa bahati nasibu, na kila mgawanyo unaowezekana hupata nafasi yake kulingana na kanuni za takwimu. Kisha chembe hutoka, kila moja ikashika njia yake. Makala yake ilitoka mwaka 1950 katika jarida la Japani lililoanzishwa na Yukawa.

Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na pengo. Mwaka 1951 mwanafizikia wa Urusi ya Kisovieti, Isaak Pomeranchuk, alilionyesha: kama pioni zina kani kubwa hivyo, zitawezaje kutoka katika nafasi finyu bila kugongana tena?

Tumia mfano huu. Mechi kubwa imekwisha na watu wanatoka uwanjani. Ukiwahesabu wakiwa wamesongamana langoni, ukadhani kila mmoja ameshakwenda zake, utakosea. Nje ya lango bado wanakumbana: huyu anamsukuma yule, wawili wanashikana mikono kisha wanaachana, wengine wanabadili njia. Kila mtu hushika njia yake pale tu umati unapotawanyika vya kutosha. Ndivyo zilivyo chembe. Huendelea kugongana hadi umbali kati yake unapozidi ule ambao kani yake inaweza kufika. Mwaka 1953 Lev Landau, naye Msovieti, aliendeleza hoja hiyo kwa kuichukulia maada hiyo ya moto kama kimiminika kinachotanuka na kupoa.

Ufunguo uliotoka Chicago

Wakati huohuo Fermi alikuwa akipima, bila kujua, jambo ambalo lingesaidia kuziba pengo hilo. Mwaka 1951 mashine mpya ya kuongeza kasi ya chembe ilianza kazi Chicago. Fermi alikuwa na umri wa miaka 50, mtu wa Nobel, lakini kwa mikono yake alitengeneza kitoroli kidogo cha kubebea shabaha ndani ya mashine hiyo. Kilijisogeza kwa kutumia sumaku ya mashine yenyewe.

Yeye na wenzake walielekeza pioni kwenye haidrojeni ya kimiminika, ambayo viini vyake ni protoni, wakahesabu ni ngapi zilizopotoshwa njia. Walipoongeza nishati, uwezekano wa pioni kugongana na protoni ulipanda kwa kasi. Tena, pioni zenye chaji chanya ziligongana zaidi sana kuliko zenye chaji hasi, kwa kiasi cha mara tatu.

Maelezo yake ni haya: kwa nishati fulani, pioni na protoni hunasana na kuwa chembe moja kwa muda mfupi sana, kisha huachana. Chembe hiyo sasa huitwa Delta. Huishi kwa kiasi cha sekunde 5 × 10⁻²⁴ tu. Fermi hakukimbilia kutangaza ushindi. Vipimo vyake vilionyesha mpando, lakini havikuwa vimeuvuka mlima hadi upande wa pili. Mashine zenye nishati kubwa zaidi ndizo zilizothibitisha jambo hilo baadaye. Mtu aliyewahi kupewa tuzo kwa sababu ya elementi ambazo hazikuwapo alikuwa amejifunza kusubiri.

Hatua za mwisho za mgongano

Leo viini vizito hugonganishwa kwa makusudi. Marekani, mashine ya RHIC ilianza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mashine kubwa ya CERN ilianza kugonganisha viini vya risasi mwaka 2010. Jifunze hatua hizi kwa mpangilio:

1. Viini viwili hugongana, na nishati nyingi hubaki katika nafasi ndogo.
2. Protoni na nyutroni huyeyuka kuwa mchanganyiko wa kwaki na gluoni, ambao hutanuka kama kimiminika.
3. Joto likishuka hadi kelvini trilioni 1.8 hivi, kwaki hukusanyika tena kuwa pioni, protoni na chembe nyingine. Idadi ya kila aina huwa karibu imeamuliwa.
4. Chembe hizo huendelea kugongana. Pioni na protoni hunasana kuwa Delta, Delta huvunjika, na pioni iliyotoka hunasana na protoni nyingine. Pioni na kaoni nazo huungana kuwa chembe iitwayo K-nyota, ambayo pia huvunjika upesi.
5. Chembe hutengana kabisa na kusafiri hadi kwenye vifaa vya kuzipima.

Hatua ya nne ndiyo iliyokosekana katika makala ya mwaka 1950, na ushahidi wake upo. Katika migongano ya ana kwa ana huko CERN, wanasayansi wa jaribio la ALICE huona K-nyota chache kuliko inavyotarajiwa kwa kutazama hatua ya tatu pekee. Sababu ni kwamba K-nyota huvunjika ingali ndani ya umati, na vipande vyake hugongwa na chembe nyingine hadi haiwezekani tena kuvioanisha. Chembe iitwayo fai huishi muda mrefu zaidi, hivyo nyingi hutoka nje ya umati kabla ya kuvunjika. Hiyo haipungui namna hiyo.

Je, hesabu ya Fermi ilitupwa? Hapana. Kanuni yake ya kugawanya nishati kwa takwimu hutumika hadi leo kukadiria idadi ya chembe za kila aina. Kilichobadilika ni nafasi inayotumika katika hesabu: si ile finyu ya mwanzo, bali ile pana ya baadaye. Nayo Delta aliyoipima Chicago ni miongoni mwa mambo ya lazima katika mahesabu ya hatua ya nne.

Mwisho wa maisha yake

Katika majira ya joto ya mwaka 1954 Fermi alikwenda Italia kufundisha kuhusu pioni katika mji wa Varenna, kando ya Ziwa Como. Alirudi Chicago akiwa mgonjwa. Upasuaji ulionyesha saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea. Rafiki yake Emilio Segrè, aliyemtembelea hospitalini, alisimulia kwamba alimkuta akipima kwa saa mwendo wa matone ya chakula alichokuwa akipewa kwa mpira. Alifariki tarehe 28 Novemba 1954, akiwa na umri wa miaka 53.

Elementi namba 100 inaitwa fermi kwa heshima yake. Elementi namba 93 na 94 zilikuja kutengenezwa kweli, lakini na watu wengine.

Sasa rudi kwenye ile tanbihi ya mwaka 1938. Mara mbili Fermi alitoa jibu lililokuwa na kasoro mbele ya dunia nzima, na mara zote mbili kasoro hiyo iliwafungulia wengine mlango, kwa sababu alikuwa ameeleza wazi alichokichukulia na alichokipima. Nawe katika mtihani, onyesha hatua zako zote. Jibu likiwa na kasoro lakini hatua zikaonekana, msahihishaji ataona ulipofika. Karatasi tupu haisahihishiki.

Zingatia

Usichanganye mambo haya mawili. Katika kinu cha nyuklia, kiini kizito hupasuka kwa kupigwa nyutroni ya polepole. Katika mgongano wa nishati kubwa, chembe mpya huzaliwa kutokana na nishati yenyewe. Fermi alifanya kazi katika yote mawili, na watahiniwa wengi huyachanganya.

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo mawili yaliyomsaidia Fermi kujifunza fizikia akiwa kijana.
2. Kwa nini familia ya Fermi haikurudi Italia baada ya Desemba 1938?
3. Kupatikana kwa bariamu mjini Berlin kulithibitisha nini?
4. Taja pengo lililokuwa katika makala ya Fermi ya mwaka 1950, na ueleze lilivyozibwa.
5. Panga hatua tano za mgongano wa viini vizito, kisha ueleze kwa nini K-nyota hupungua ilhali fai haipungui namna hiyo.
6. Je, mwanasayansi anawajibika kwa matumizi ya ugunduzi wake? Jadili ukitumia maisha ya Fermi.